Duara la kilomita 50 kuzunguka Kongowea: nianzie wapi kuunganisha mahali, utamaduni na mipaka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa, naishi Likoni, nafanya projekti kuhusu eneo linalolisha soko la Kongowea. Nilifungua QGIS, ile programu ya kuchora ramani, nikachora duara la kilomita 50 kutoka sokoni, nikaambiwa nirudie kazi, nionyeshe vile mahali, utamaduni na mipaka vinavyoshikana. Sasa utamaduni unaingiaje kwenye ramani ya nyanya na ndizi? Naomba unieleze kitaalamu lakini nielewe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usivunjike moyo kwa hilo duara, wengi wanaanzia hapo na lina asili yake. Walter Christaller, Mjerumani, mwaka 1933 alichunguza miji ya kusini mwa Ujerumani akaeleza kwamba kila mji wenye soko unahudumia eneo lililouzunguka, na mji mkubwa unahudumia eneo kubwa zaidi. Lakini masharti aliyaweka wazi mapema, ardhi iwe tambarare, watu wawe wametawanyika sawasawa, usafiri ugharimu sawa kila upande. Sasa hebu simama pale Kongowea, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, uangalie. Mashariki ni bahari, yaani karibu nusu ya duara lako imeangukia majini. Ukitaka kwenda kusini lazma uvuke daraja la Nyali, ukate kisiwa, alafu uingie foleni ya feri ya Likoni au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, na wewe wa Likoni hilo huhitaji kuambiwa na mtu. Kilomita ni zile zile lakini masaa si yale yale.

Na cheki duara limeacha nini nje. Ndizi za Taveta ziko nje, na Taveta ni zaidi ya kilomita 200. Machungwa ya Muheza huko Tanga yako nje, na hayo yanatoka nchi nyingine kabisa. Viazi vya Nyandarua na Meru usiseme. Ndani umebaki na sehemu kavu za Kinango ambazo ziko karibu kwa rula tu.

Kwa hivo anza na mzigo, si na rula. Edward Ullman, Mmarekani, mwaka 1956 alisema sehemu mbili zinaunganika kwa sababu tatu na mimi mpaka leo nikipewa kazi ya ramani ya soko naanzia hapo. Kwanza, huku kuwe na kitu na kule kuwe na anayekihitaji. Pili, kiweze kusafirishwa bila gharama kuzidi thamani yake. Tatu, katikati pasiwe na sehemu nyingine inayokidaka kabla hakijafika. Chukua ndizi za Taveta. Kule kuna chemchemi zinazotokana na mlima Kilimanjaro, wakulima wanamwagilia hata jua likiwa kali, na Mombasa ni kisiwa kilichojaa nyumba na watu wa kula. Hili la Mombasa kula vya wenzake si jambo la juzi, Ibn Battuta alipita hapa 1331 akaandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, inaletwa kutoka kwingine, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Ni karibu miaka 700 na bado lori la ndizi linaingia usiku! Sharti la tatu utaliona kwenye viazi, vikitoka Nyandarua Nairobi iko njiani, bei ikiwa nzuri kule lori linashusha huko huko, na wewe Kongowea unaona vimeadimika wakati shambani vipo tele.

Umbali wenyewe nao hubadilika, hapa ndipo napenda sana mtu wa Mombasa asome hii taaluma kwa sababu historia yetu yote imo humu. Muscat iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Bandari ya Kale, lakini kwa karne nyingi ilikuwa rahisi kufikika kuliko Machakos, maana kaskazi ikivuma kuanzia kama Disemba majahazi yanashuka kutoka Uarabuni na Gujarati, na kusi ikigeuka yanarudi nayo, wakati huku nyuma ya mji kuna nyika ya Taru isiyo na maji na msafara wa miguu unaweza kufia humo. Mabaharia ilibidi wangoje upepo ugeuke, miezi kadhaa wako hapa, wanauza, wanapanga nyumba, wanaoa, wanazaa. Kwa hivo upepo umechangia ukoo, lugha, dini na biriani ya Jumapili. Alafu reli ikaanza kujengwa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na ramani ikapinduka, bara ikawa karibu, na meli kubwa zikahamia Kilindini upande wa pili wa kisiwa, Bandari ya Kale ikabaki na majahazi. Leo kontena la Kampala na la Kigali linapita hapa, kwa hivo hata Uganda na Rwanda ni sehemu ya eneo la nyuma la bandari hii, yaani eneo inalolihudumia, bila mtu kuzichorea duara.

Sasa utamaduni kwenye ramani ya nyanya. Uko, tena unapimika. Kalenda ndiyo ya kwanza: mwezi wa Ramadhani Mombasa inakula tofauti, muhogo, viazi, ndizi, mbaazi na nazi vinatakikana kwa wingi wakati wa futari, na Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hivo ukihesabu malori ndani ya Ramadhani na mwenzako akahesabu mwezi mwingine mtatoa ramani mbili tofauti na zote ni za kweli. Andika tarehe za Hijria kando ya zile za kawaida kwenye daftari lako. Cha pili ni kuaminiana. Mzigo mwingi unakwenda kwa mkopo wa mdomo, mkulima anamkabidhi dalali, dalali anamkabidhi muuzaji, pesa inarudi baadaye, na ukiuliza mbona huyu na si yule utaambiwa ni jamaa yetu, ni mtu wa kwetu, tulisoma chuoni pamoja. Mistari hiyo ya kuaminiana ni ya zamani, Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walikuwa na mafungamano na Mijikenda kabla ya serikali yoyote ya kikoloni, Miji Mitatu ya Kilindini, Tangana na Changamwe wakiwa karibu na Wadigo, ambao ni Mijikenda. Usichukulie kwamba kabila ndilo linaloamua kila kitu, hapana, uliza tu, na andika unachoambiwa.

Mipaka ndiyo wanafunzi wanaichukulia kama mstari wa mapambo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie baharini pale mdomo wa mto Umba, hakuna Mdigo aliyeulizwa, na mpaka leo Wadigo wako Kwale na wako Tanga, harusi na matanga wanakwenda lakini pale mpakani Lunga Lunga lazma wasimame na makaratasi. Undugu unavuka, ndizi na chungwa linavuka, lakini kila kitu kinavuka kwa masharti yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, siku chache tu kisha yakaruhusiwa kwa masharti, ila mfanyabiashara ambaye lori lake lilikuwa njiani wiki ile hataisahau.

Kuna mpaka mwingine hauonekani kwenye ramani ya simu lakini unashika shamba mpaka leo. Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulihesabiwa ni wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakautawala kwa kumlipa kuanzia 1895, mpaka makubaliano ya Oktoba 1963 yakauingiza Kenya moja kwa moja. Katikati hapo ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908, wenye uwezo wa kwenda kudai wakapata hati na wengi waliokuwa wakilima wakabaki wapangaji au maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Mimi hili linaniuma kusema kweli. Mtu anayelima mahali hati ni ya mwingine anafikiria mara mbili kupanda mwembe au mnazi, mti wa kukaa miaka 50, anapanda muhogo na mahindi ambavyo atavuna hata akifukuzwa. Kwa hivo ukishangaa mbona kijiji fulani kilicho karibu na Kongowea kinaleta kidogo kuliko Taveta, usikimbilie kusema ni uvivu au mvua, uliza ardhi ni ya nani.

Na mipaka ya kaunti ya 2013 nayo ifuate, sana sana ushuru wa mazao ambao lori linalipa likipita. Ukitaka mfano mkali zaidi angalia maji: Mombasa inakunywa kutoka chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, Baricho ya Kilifi, Marere na Tiwi za Kwale, na viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakidai sehemu ya mapato. Mji ambao bomba lake linaanza kwa jirani hauwezi kuelezwa kwa mpaka wake peke yake.

Sasa kazi. Pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na uongee na ofisi ya soko kabla hujamgusa mtu yeyote. Nenda malori yakishusha, muulize dereva maswali manne: umepakia wapi, umepita wapi, umesimama wapi kwa muda gani na umelipa nini, nani alikuita uje hapa. Majina usiandike. Nyumbani, kwenye QGIS, futa duara, chora mistari kutoka shamba mpaka Kongowea, upana wake ufuate idadi ya magunia au kreti, na rangi ifuate zao. Mstari upite barabara lori lilipopita, kama ni Dongo Kundu basi Dongo Kundu, kama ni feri basi feri, na badala ya kilomita uweke masaa. Mipaka ya nchi na kaunti iweke kwenye safu (layer) yake peke yake, na kila pale mstari unapokata mpaka andika kusimama na malipo. Lile swali la nne, la nani alikuita, litengenezee jedwali lake, usilitupe ati kwa sababu haliingii kwenye ramani, maana sura ya utamaduni utaiandika kutoka hapo. Anza na machungwa na ndizi tu, viwili vinatosha kwa mkono mmoja, alafu niletee hizo safu tuangalie upana wa mistari kabla hujaandika matokeo.