Uwanja wa ndege unasema hauna kaboni. Je, ndege?

SWALI: Salaam, mwandishi. Kazi yangu hunipandisha ndege mara kwa mara. Kwenye ukumbi wa kuondokea wa uwanja mmoja nimekuta bango kubwa: kampuni inayouendesha inasema imeshasawazisha kaboni yake, na ifikapo 2050 itafikia sifuri kabisa. Nje ya dirisha ndege zimepanga foleni kuruka. Nimsadiki nani, bango au macho yangu? – Msafiri

JIBU: Ndugu msafiri, sadiki vyote viwili, kwa kuwa vinazungumzia hesabu mbili tofauti.

Kampuni ya uwanja hugawa hewa ukaa yake mafungu matatu. La kwanza ni mafuta inayochoma yenyewe: magari ya zimamoto, jenereta, mitambo ya kupasha joto majengo. La pili ni umeme inaonunua kwa ajili ya taa, viyoyozi na mikanda ya mizigo. La tatu ni vyote vinavyofanywa na wengine kwa kuwa uwanja upo, yaani teksi za abiria, magari ya mawakala wa mizigo na ndege zenyewe. Viwanja vya Ulaya vilipotoa ahadi yao ya pamoja ya 2050, mwaka 2019, viliahidi kuondoa hewa ukaa iliyo chini ya mamlaka yao. Hayo ni mafungu mawili ya kwanza. Ndege hazimo, na katika uwanja mkubwa ndege ndizo karibu hesabu yote.

Sisemi mafungu hayo mawili ni kazi bure. Uwanja wa Cochin, India, tangu 2015 unajiendesha kwa umeme wa jua, na kampuni ya Swedavia ya Uswidi ilifikia 2020 viwanja vyake 10 vikiwa havitoi tena kaboni ya mafuta ya ardhini katika shughuli zake yenyewe. Hao walipunguza kwelikweli. Kinachonikera ni kampuni inayonunua hati za kaboni za msitu wa mbali, yaani kulipia hewa ukaa ipunguzwe kwingine ili ijihesabie yenyewe, ikaendelea kuchoma dizeli ileile, kisha ikatundika bango. Mpango wa kimataifa wa kuvipa viwanja ithibati ya kaboni, ulioanza 2009, una ngazi kadhaa, na ngazi ya kwanza kabisa ni kupima tu. Kwa hiyo ukiona nembo yake, uliza ni ya ngazi gani.

Kisha uliza hewa ukaa ya ndege imehesabiwa hadi wapi. Viwanja vingi huhesabu kutua na kuruka tu, chini ya futi 3,000, takriban mita 915. Juu ya hapo hesabu hukoma, ilhali safari inayochukua muda wa saa nane huchoma sehemu kubwa ya mafuta yake huko huko juu. Na kila kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa, maana kaboni hujiunga na oksijeni ya hewani. Ngazi za juu za ithibati hudai safari nzima ihesabiwe. Uwanja uliokubali hilo naupa heshima, hata kama tarakimu zake zinatisha.

Kabla ya kushika kalamu nilipakia mizigo kwenye maegesho ya ndege, na huko ndiko nilikojifunza kwamba mwendeshaji wa uwanja ana mkono mrefu kuliko anavyokiri. Mkiani mwa ndege mna injini ndogo inayoipa umeme na hewa baridi ikiwa imeegeshwa. Hunywa mafuta yaleyale ya ndege, na mlio wake hupenya hata vizibo vya masikio. Uwanja ukiweka waya wa umeme na bomba la hewa baridi kwenye kila geti, rubani huweza kuizima. Niliona waya uliokufa ukikaa wiki kadhaa bila fundi, na kila ndege iliyofika geti hilo ikinguruma mpaka abiria wa mwisho aingie. Hilo halikuwa kosa la shirika la ndege. Waya ni mali ya uwanja.

Mwendeshaji pia ndiye anayepanga ada za kutua, hivyo anaweza kuitoza zaidi ndege chafu. Anaweza kupunguza foleni ile uliyoiona, ambako injini huwaka bila ndege kwenda popote. Tena ndiye anayeamua kujenga njia mpya ya kurukia au kuacha. Kwangu, hapo ndipo ahadi inapopimwa: kampuni inayobadilisha taa huku ikijenga nafasi ya maelfu ya safari zaidi kwa mwaka inaongeza joto la dunia, hata bango lingekuwa la kijani namna gani.

Waandikie. Taja geti ulilopita, uliza kama lina waya wa umeme na bomba la hewa baridi na hutumika kwa kiwango gani, na uombe ripoti ya mwaka yenye fungu la tatu. Barua ya abiria anayejua cha kuuliza hupelekwa kwa mhandisi badala ya kuishia kwa msemaji.