Kwa nini unga wa saruji ya mfupa hutofautiana hata viambato vikiwa vilevile

Dada, umeuliza kwa nini saruji mbili za mfupa (unga unaochanganywa na kimiminika, kisha ukaganda ndani ya mfupa) zenye viambato vilevile, zilizotumika hapo Tabora, ziliganda kwa kasi tofauti. Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna unga ulivyotayarishwa kiwandani. Katika saruji ya akriliki, aina ya plastiki, inayoshikilia nyonga bandia, chembe ndogo zina eneo kubwa zaidi la uso kwa kila gramu, hivyo hulowa na kuyeyuka upesi katika kimiminika, mchanganyiko ukanenepa mapema na kumwachia daktari muda mfupi wa kuuweka. Joto la Oktoba, chumba kisipopozwa, huufupisha zaidi.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni njia ya kuua vijidudu katika unga. Miale ya gama hukata minyororo mirefu ya polima, yaani molekuli za plastiki hiyo, na kupunguza uzito wake wa molekuli, na hapo saruji hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kustahimili mzigo unaojirudia kila mgonjwa anapopiga hatua, ilhali gesi ya ethilini oksidi, njia nyingine ya kuua vijidudu, haikati minyororo hiyo. Bariamu salfeti, inayofanya saruji ionekane kwenye eksirei, isiposambazwa vizuri hufanya mabonge ambamo nyufa huweza kuanzia. Saruji za mfupa za fosfati ya kalsiamu, ambazo si za akriliki, zina kemia nyingine, ingawa kwazo pia unga uliosagwa laini zaidi kwa kawaida huganda haraka.

Mnapoagiza, someni kwanza kwenye karatasi ya maelezo njia iliyotumika kuua vijidudu, kisha ndipo mlinganishe bei.