Mkojo ukinishika hunipita: vidonge, mazoezi au sindano?

Dada wa Tanga, unasema una miaka 56, mkojo ukikushika hufiki chooni, na umeacha kwenda harusini kwa kuogopa aibu. Shoga yako anameza oksibutinini, kidonge cha kutuliza kibofu, na anakuhimiza uinunue. Binti yako kasikia habari za sindano. Unauliza ipi bora.

Pole sana. Kwanza nenda kituo cha afya upimwe mkojo na sukari, maana maambukizi na kisukari navyo huleta hali hiyo. Ukiona damu kwenye mkojo, au ukivuja mchana kutwa bila hata kubanwa, usichelewe kumwona daktari. Hilo ni jambo jingine.

Vipimo vikiwa safi, anza na mazoezi, na sikwambii hivyo kwa kuwa ni ya bure. Mwaka 1998 kulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 197 wa miaka 55 na kuendelea. Kwa waliofundishwa kukitawala kibofu, kuvuja kulipungua kwa takriban asilimia 81. Waliomeza oksibutinini, 69. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 39.

Mkojo ukikushika, usikimbie. Kaa au simama ulipo, bana misuli ile unayobana ili upepo usikutoke, achia, bana tena, harakaharaka mara tano sita. Haja ikitulia, ndipo uende chooni, kwa mwendo wako wa kawaida. Kama sasa unakwenda kila saa, ongeza dakika 15. Ukizoea, ongeza tena. Jipe angalau wiki sita. Punguza chai ya rangi na kahawa, ila maji usiyaache: mkojo mzito hukichokoza kibofu.

Usipopata nafuu, vidonge vipo, lakini usimeze kwa kumwiga shoga. Oksibutinini hukausha mdomo, hufunga choo, na umri ukisogea inaweza kuvuruga kumbukumbu. Mwenye presha ya macho amweleze daktari kabla ya kuianza. Kidonge kingine, mirabegroni, hakikaushi mdomo kiasi hicho, ila kinaweza kupandisha presha ya damu.

Sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, hudungwa ndani ya kibofu, vidonge vikishindwa. Husaidia wengi, lakini nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa, na wengine mkojo hugoma kutoka kwa muda hadi watumie mpira wa kutolea mkojo. Anayekupendekezea sindano hiyo muulize mapema: yakinikuta hayo, nani atanifundisha kujiwekea mpira, na nitaupata wapi?