Unamsaidia Mlatino kujifunza Kiingereza? Anzia mbele ya kitenzi

Waswahili wengi tunaoishi Marekani tunafanya kazi bega kwa bega na watu wa Meksiko, Guatemala, Honduras au Venezuela: jikoni hotelini, kwenye maghala, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kwa kuwa Kiingereza tulikianza shuleni, haipiti muda mrefu kabla mwenzako hajakuomba umsaidie. Mimi nafundisha watu wazima jioni hapa Houston, na karibu darasa lote ni watu wa Kihispania. Jambo ninalowasihi wenzangu walishughulikie mapema, kabla hata ya kuhangaika na nyakati, ni viwakilishi nafsi: I, you, he, she, it, we, they.

Usianze kwa kumpa orodha hiyo akariri, maana anaijua. Mtu anaitaja yote bila kukosea, kisha dakika hiyo hiyo anakuonyesha picha na kusema: "Is my sister. Works in a hospital." Hajasahau neno "she". Ni kwamba lugha yake haimdai. Katika Kihispania nafsi imekaa mwishoni mwa kitenzi: "hablo" ni nasema, "hablas" unasema, "habla" anasema, "hablamos" tunasema, "hablan" wanasema. Maneno "yo", "tú", "él" na "ella" yapo, lakini mara nyingi hutajwa mtu anapotaka kusisitiza au kutofautisha: "Yo trabajo, él duerme", yaani mimi nafanya kazi, yeye amelala. Anayeanza kila sentensi kwa "yo" anasikika kama mtu wa kujitanguliza. Ndiyo maana wapo wanafunzi, hasa wenye adabu zao, wanaoona haya kusema "I" mara kumi kwa dakika moja. Mwambie wazi kwamba kwa Kiingereza neno hilo halina uzito wowote na hakuna atakayemwona ana majivuno.

Sisi tunapaswa kumwelewa haraka, kwa sababu "ninasoma" imekamilika bila "mimi". Ila kuna tofauti ambayo mwalimu Mswahili asipoiona atapotea njia. Kiambishi chetu kiko mbele ya kitenzi, mahali pale pale Mwingereza anapoweka kiwakilishi chake. Hivyo kosa letu huwa ni kuzidisha: "My father he is sick", kwa kuwa tumezoea baba anaumwa. Mlatino amezoea kuipata nafsi nyuma, na akija kwenye Kiingereza anakuta nyuma pamekatwa. Kitenzi "speak" kina sura mbili tu kwa wakati uliopo, "speak" na "speaks". Kwa wakati uliopita ni "spoke" kwa watu wote. Kwa hiyo somo la kwanza ninalotoa ni la mahali: mbele ya kitenzi cha Kiingereza pana kiti, na kiti hicho hakiachwi wazi.

Sentensi fupi hazitakusumbua sana. Baada ya wiki chache wengi husema "I work", "I live in Houston", bila shida. Kosa linajificha kwenye kishazi cha pili, baada ya "because", "when", "but", "that". "I didn't come because was sick." "She says that is tired." Hapo ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, kwa sababu hapo ndipo maana hupotea. Chukua "El doctor llamó a mi hermana porque estaba enferma", yaani daktari alimpigia simu dada yangu kwa sababu alikuwa mgonjwa. Kwa Kihispania mgonjwa anajulikana: "enferma" ni ya kike, basi ni dada. Mwanafunzi anageuza hivi: "The doctor called my sister because was sick." Neno "sick" halina kike wala kiume, na mbele ya "was" hakuna mtu. Anayesikiliza abahatishe. Mtu akiwa anamwelezea muuguzi hali ya mtoto wake kwa simu, kubahatisha huko ni hatari, na hii ndiyo sababu silichukulii suala hili kuwa la mitihani tu.

Zoezi langu ni rahisi. Mpe nusu ya kwanza ya sentensi, "I'm late because...", naye aimalizie kwa watu mbalimbali: because I, because my son, because the bus, because it. Afanye kwa mdomo, haraka, mpaka kiwakilishi kitoke bila kutafutwa.

Sasa "it", ambayo ni ngumu kuliko zote. Kihispania husema "llueve" na mvua inanyesha. "Es tarde" na muda umekwenda. "Es importante" na jambo ni muhimu. Hakuna neno lolote mbele. Mwanafunzi atakuuliza: katika "It's raining", hiyo "it" ni nini? Mjibu ukweli, kwamba si kitu. Imewekwa kwa sababu kiti lazima kikaliwe. Ukimtungia maelezo kwamba "it" ni anga au hali ya hewa, atakwama kwenye "It's important to sleep".

Halafu tega masikio yako vizuri kabla hujamsahihisha. Kihispania hakina mazoea ya kufunga neno kwa t na s zilizobanana, kwa hiyo "it's" hutoka kinywani kama "is". Mtu anaweza kuwa ameweka kiwakilishi na wewe hukukisikia. Mwambie aandike. Akiandika "it's", tatizo lake ni la matamshi. Mpeni muda ulimi.

Kuhusu he na she, nasi ni wagonjwa wa ugonjwa huo huo, maana "yeye" wetu ni mmoja. Lakini kwao inaongezeka ya vitu: meza ni "la mesa", ya kike, hivyo utasikia "she is broken". Na "su" yao ni ya kwake mwanamume, kwake mwanamke, kwao, na hata yako kwa heshima, ndipo his na her zinapochanganyikana. Tumia picha za familia yake mwenyewe; mtu hapendi kumwita mama yake "he".

"Me gusta", yaani napenda, huzaa "me like". Sahihisha, endelea, itatoka yenyewe.

Usidhani pia kwamba wote wako sawa. Watu wa Puerto Rico, Kuba na Jamhuri ya Dominika hutaja viwakilishi zaidi katika Kihispania chao. Wengi wao pia huimeza s ya mwisho, na "hablas" na "habla" zikasikika kitu kimoja; wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu, ingawa si wataalamu wote wanaokubali. Hao mara nyingi nawaona wanaizoea "you" mapema.

Akishaelewa kiti, mwonyeshe mahali kinapoachwa. Amri haina kiwakilishi: "Close the door." Na mtu mmoja akifanya mambo mawili, "She came in and sat down" inatosha. Ila "I went to the bank but was closed" inamaanisha aliyefungwa ni yeye mwenyewe. Hapo "it" lazima irudi.

Mkiwa kazini, usimsahihishe mbele ya msimamizi wala mbele ya mteja. Rudia sentensi yake ikiwa kamili, kana kwamba unaitikia tu: "Oh, it was closed?" Yeye atasikia, na mazungumzo yataendelea.