Jogoo anachechemea, chini ya unyayo kuna uvimbe na doa jeusi: tetra kwenye maji haitasaidia

Mkuu nimekusoma: jogoo chotara, anachechemea, chini ya unyayo kuna uvimbe na katikati doa jeusi limekauka, anakula vizuri tu, na jirani kakwambia ufungue kapsuli za tetra (antibiotiki ya tetrasaiklini) za binadamu umimine kwenye maji ya banda zima. Hiyo ya kapsuli acha kwanza. Mi nafuga nyuma ya nyumba huku Kibaha na nyayo za namna hiyo nimezitibu nyingi, kwaiyo nakupa ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza hakikisha ndo yenyewe. Mgeuze umwangalie miguu yote miwili, maana mara nyingi ule mwingine nao unaanza sababu ndo unabeba mzigo wote. Kama ni kuku mmoja au wawili, uvimbe uko chini ya unyayo au kwenye kidole na kuna kigaga cheusi, basi ni jipu la unyayo. Ila kama kuku wengi wanachechemea kwa pamoja, viungo vimevimba, au kuku analala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, hapo unaongelea vitu vingine kabisa kama mareksi (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku miguu), na hakuna maji ya chumvi yatakayokusaidia, ita mtu wa mifugo. Na kama shida ni magamba ya mguu yamenyanyuka na kufanya ukoko mweupe mweupe huku unyayo ni mzima, hao ni utitiri wa miguuni, unaosha kwa sabuni na mswaki wa zamani afu unapaka vaselini nzito kila baada ya siku chache mpaka magamba ya zamani yatoke. Tafadhali sana usipake oili chafu ya gari wala mafuta ya taa, najua mtaani ndo dawa namba moja lakini yanamchoma kuku ngozi.

Sasa kwanini tetra kwenye maji haifanyi kazi. Kuku anapata kijeraha kidogo chini ya mguu, bakteria wanaingia, mara nyingi hawa stafilokokasi ambao wapo tu kwenye ngozi na kwenye uchafu wa banda. Usaha wa kuku hauwi majimaji kama wetu, unakuwa mkavu, wa njano, kama kiini cha yai lililochemshwa likaiva sana, na mwili unauzungushia ukuta. Ndani ya hilo donge damu haifiki kwaiyo na dawa haifiki. Juu ya hapo kama unawapa chakula cha kutagia, ile chokaa ya kwenye chakula inaikamata tetra nyingi tumboni kabla haijaingia mwilini. Unachobaki nacho ni mayai yenye dawa ambayo unawapa watoto, na banda zima la kuku wazima wamekunywa dawa isiyowahusu.

Kinachofanya kazi ni kuloweka, kusafisha na kufunga, unarudia mpaka unachoka. Fanya jioni kuku wakiwa wametulia, muwe wawili. Vaa glovu, hawa bakteria hata sisi wanatupata, kama una kidonda mkononi ndo kabisa. Mviringishe kwenye kanga mpaka mabawa yabanwe, mfunike na macho, atatulia mwenyewe. Beseni la maji ya vuguvugu (weka kiwiko, kama wewe huungui na yeye haungui), chumvi vijiko 2 vya chakula kwa lita 1, ukipata ile chumvi ya Epsom famasi ni nzuri zaidi ila asiyanywe hayo maji maana yanaharisha. Dakika kumi mpaka kumi na tano. Afu osha na sabuni, kausha, pitisha ayodini ya vidonda iliyochanganywa na maji, kifuniko 1 kwa vifuniko 10.

Hapa ndo watu wanaharibu. Kigaga kikilainika, ukikisukuma na kidole gumba pembeni na kikaanza kuachia, kivute taratibu na kibanio kilichochemshwa. Kisipoachia, kiache, kesho unaloweka tena. Nina tetea mmoja mweusi kigaga chake kiligoma kabisa siku za mwanzo, nikawa naloweka tu na kumfunga, jioni moja nikabonyeza pembeni kikatoka chenyewe na kamzizi kagumu ka njano nyuma yake, kakaacha kishimo kisafi chenye nyama nyekundu na damu kidogo sana. Hicho ndo unachotaka kuona. Hizi video za watu wanapasua unyayo kwa wembe kwenye meza ya jikoni mi sizikubali, unyayo una mishipa na kano zinazokunja vidole, hujui unakata nini, na kuku anasikia maumivu vizuri tu. Na usimpake mafuta yenye dawa ya ganzi, ndege dozi inawazidi haraka.

Kishimo kikiwa wazi weka ayodini tena, afu asali mbichi kidogo au mafuta ya kidonda ya kawaida, kipande cha gozi juu, funga na bendeji ya kuvutika uliyoikata vipande vyembamba, pitisha katikati ya vidole, zungusha juu kwenye muundi mara moja, rudi chini, malizia na plasta ya kitambaa. Nimeona watu wanafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, huo unabana damu. Rudi umwangalie baada ya saa moja hivi, vidole vikiwa vimevimba au vya baridi fungua ufunge upya. Badilisha kila siku mwanzoni, baadae siku moja ndio moja hapana. Ikilowa badilisha hapo hapo, bendeji mbichi ni mbaya kuliko kutofunga kabisa. Muda wote huo akae peke yake kwenye boksi au kijibanda kikavu chenye maranda mapya, bila fito ya kurukia, na wenzake wasipate nafasi ya kudonoa bendeji.

Jipu kama hilo la jogoo wako likiwahiwa linapona, ila ni wiki kadhaa sio siku mbili. Uvimbe ukipanda mpaka juu ya unyayo au kwenye kifundo, mguu ukawa wa moto, akasusa chakula, hapo inawezekana imeshaingia kwenye mfupa, na hilo ni la daktari wa mifugo. Yeye akiamua antibiotiki atampa huyo mmoja kwa kipimo chake na atakwambia mayai na nyama usile mpaka lini.

Afu nenda kaangalie banda, maana ukimtibu ukamrudisha palepale anarudi vilevile. Umesema sakafu ni zege. Dume la chotara linafika kilo 3 na zaidi, likiruka kutoka kwenye fito ya juu likatua kwenye zege kila asubuhi, unyayo lazima upasuke. Shusha fito ziwe chini ya usawa wa goti, ziwe za mbao nene kiasi, zilizopigwa randa kona zisiwe kali, na chini mwaga maranda au pumba za mpunga za kutosha. Kipindi cha masika maranda yanashika unyevu na kinyesi, ngozi ya unyayo inalainika hata kijiti kinapenya, kwaiyo geuza mara kwa mara na toa yaliyolowa, hasa pale chini ya chombo cha maji. Pitisha mkono kwenye waya na misumari yote. Na chakula kama ni pumba na mahindi meupe tu, vitamini A humo karibu hakuna na ngozi inakuwa dhaifu, wape mchicha au matembele kila siku, gharama yake ni ndogo.

Kuhusu ulivyouliza kama umchinje tu yaishe: kama ana afya, hajakonda, shida ni unyayo peke yake na hajapewa dawa yoyote, nyama inalika, ila hiyo miguu kata juu kabisa ya uvimbe ufukie, isiende kwenye supu wala kwa mbwa. Akiwa amekonda au viungo vingine vimevimba, huyo sio wa kula.