Mwulize Fundi: Ringo Starr Nje ya The Beatles

SWALI: Ndugu mhariri, naambiwa Ringo, mpiga dramu wa The Beatles, ndiye aliyechelewa kuliko wenzake kusimama peke yake baada ya The Beatles kuvunjika. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Albamu yake ya kwanza, Sentimental Journey, iliingia madukani Uingereza tarehe 27 Machi 1970, wiki mbili kabla ya habari kuenea kwamba mwenzake Paul McCartney amejitoa katika bendi. Ni nyimbo za kale za enzi ya wazazi wake. George Martin, msimamizi wa rekodi za The Beatles, alisimamia studio, na kila wimbo ulipangiwa vyombo na mtu tofauti. Vijana wa roki waliikunjia uso. Mwezi Juni mwaka huohuo alikuwa Nashville, Marekani, akirekodi nyimbo za kantri (muziki wa mashambani wa Kimarekani), albamu ya Beaucoups of Blues, chini ya Pete Drake, bingwa wa gitaa la stili, lile linalopigwa likiwa limelazwa. Usitarajie kusikia dramu zake humo kama ulivyozoea, maana kote kuwili alikwenda hasa kama mwimbaji. Kishindo cha kwanza cha roki kilikuja Aprili 1971 na It Don't Come Easy, wimbo uliosimamiwa na mwenzake wa The Beatles, George Harrison, ukafika nafasi ya 4 kwenye chati za Uingereza na Marekani pia.

SWALI: Nina uwezo wa kununua albamu yake moja tu. Nichukue ipi, na ipi niikwepe?

JIBU: Chukua ile iitwayo Ringo, ya 1973, iliyosimamiwa na Richard Perry. Ina nyimbo mbili zilizoshika nafasi ya 1 Marekani: Photograph, aliyoitunga pamoja na Harrison, na You're Sixteen. Wanne wote wa The Beatles wamo, ila hawakukaa chumba kimoja. John Lennon, Harrison na Ringo walikutana Los Angeles Machi 1973 kwa wimbo alioutunga Lennon. Mchango wa McCartney ulirekodiwa London. Anayekuuzia albamu hiyo kwa jina la "The Beatles warudiana" anakuongezea chumvi.

Ya kukwepa ni Ringo the 4th ya 1977. Hapo alivalishwa disko, Steve Gadd akapiga sehemu kubwa ya dramu, na albamu ikaishia nafasi ya 162 Marekani. Gadd ni fundi asiye na mfano, kwa hiyo kosa si lake. Sauti ya Ringo ni nzito, haipandi wala haishuki mbali. Hunoga katika wimbo wenye sentensi fupi, nafasi za kupumua na marafiki wanaoitikia nyuma. Disko haimwachii hata pumzi moja. Hali ilizidi kuwa mbaya hadi 1983, Old Wave ilipokosa kampuni ya kuitoa Uingereza na Marekani. Ukishaipenda ile ya 1973, ruka moja kwa moja hadi Look Up ya Januari 2025, aliyoirekodi na msimamizi wa muziki T Bone Burnett. Ni kantri tena, safari hii akiwa na miaka 84.

SWALI: Mimi hupiga dramu. Nimefunika dramu zangu kwa taulo kama Ringo alivyofanya, lakini zinalia kama boksi la karatasi. Nakosea wapi?

JIBU: Pengine umefunika kabla ya kutuni, yaani kurekebisha mlio. Taulo huficha kasoro, haliziondoi. Toa vitambaa vyote. Legeza skrubu za kiwambo (ile ngozi inayopigwa), kisha uzikaze kwa vidole mpaka zigome. Sasa tumia ufunguo wa dramu: nusu mzunguko kila skrubu, ukivuka kwenda ya upande wa pili, usifuate duara, maana ukizunguka kiwambo huvutika upande mmoja. Gonga karibu na kila skrubu, sentimita 3 hivi kutoka ukingoni. Sauti ziwe sawa kote. Simama mara tu mikunjo ikiisha na noti ikawa safi, kwa sababu unataka mlio wa chini.

Hapo ndipo weka kitambaa chembamba cha kufutia vyombo, tabaka moja, kifunike theluthi mbili ya kiwambo cha juu. Taulo nene la kuogea, au tabaka mbili, linaua mgongano wa kijiti na kukuachia "pu" tupu. Kibane ukingoni kwa utepe wa gundi, la sivyo kitahama katikati ya wimbo na mlio utabadilika. Kwenye snea, ile dramu fupi yenye mlio mkali, punguza zaidi: pochi ndogo au pakiti tupu ukingoni yatosha. Ndani ya dramu ya besi weka sweta au blanketi, liguse kiwambo bila kulijaza tumbo lote; ukijaza, nyundo ya pedali hairudi upesi na mguu utachoka.

Kisha maikrofoni. Dramu iliyozibwa haisafiri, kwa hiyo ukumbini bila maikrofoni itazama chini ya gitaa. Weka maikrofoni sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye kiwambo. Mlio mnene wa rekodi za The Beatles ulitokana na ukaribu huo pia, si na vitambaa peke yake.

Jambo la mwisho haliko kwenye dramu: Ringo ni mashoto anayepiga seti iliyopangwa kwa mtu wa kulia. Akijaza nafasi kati ya mistari, mkono wa kushoto ndio hutangulia, na kuteremka kutoka snea hadi tomu kubwa (dramu yenye mlio wa chini) humtatiza. Wewe wa kulia, jaribu kuanza kila mjazo kwa kushoto, taratibu, metronomu ikiwa mapigo 60 kwa dakika. Utajikwaa, lakini mjikwao huo, ukiutuliza ndani ya mapigo, ndio mwendo wake.

SWALI: Katika maonyesho yake kuna wapigaji dramu wawili. Ringo hawezi kumaliza onyesho peke yake?

JIBU: Anaweza, ila akija mbele kuimba lazima kiti kisibaki kitupu. Bendi yake ya All-Starr ilianza Dallas tarehe 23 Julai 1989, wakiwemo wanamuziki wenye majina yao wenyewe, Joe Walsh, Dr. John, Billy Preston na Levon Helm, na Jim Keltner kwenye dramu. Watu hubadilika, mpango ni uleule: kila mmoja huleta nyimbo zake zinazojulikana, naye Ringo hurudi nyuma kuwapigia. Tangu 2008 mwenzake wa dramu ni Gregg Bissonette.

Mkitaka kuiga, angalieni snea. Mkipishana hata kidogo, pigo moja linasikika mawili, "pa-pa". Kubalianeni mapema: mmoja ashike haihati (matoazi mawili ya pedali) na mijazo yote, mwingine apige besi na snea tu, na kila mmoja amsikie mwenzake kwenye spika iliyo karibu naye.