Rekoda, saksafoni na klarineti: vidole ni vilevile?

Mkuu, umesema shuleni ulipuliza rekoda (ile filimbi ya matundu), bendi ya kanisa inakutaka uchague klarineti au saksafoni ya alto, na kuna mtu kakwambia "vidole ni vilevile". Napiga zote mbili kwenye maharusi, na huyo kasema nusu tu.

Kwenye rekoda ya soprano, ziba tundu la gumba na matatu ya juu: G. Saksafoni, bonyeza vitatu vya kushoto: G. Shusha na vitatu vya kulia, zote D. Kupanda oktava, saksafoni ina kii (kitufe) ya gumba la kushoto, vidole vingine vinabaki palepale.

Klarineti ndiyo yenye mambo. Gumba na vitatu vya kushoto vinatoa C. Ukigusa ile kii ya gumba hupati C ya juu, inaruka hadi G iliyo juu zaidi, noti ya kumi na mbili ukihesabu na ile uliyoanzia. Bomba lake ni la mviringo ulio sawa toka juu hadi chini, la saksafoni linapanuka. Ndiyo maana noti za juu za klarineti, ambako vitatu hivyo ni G tena, utazizoea haraka, za chini ni somo jipya kabisa.

Kazi iko katikati, unapovuka toka noti za chini kwenda za juu. A unaipata kwa kidole cha shahada peke yake. B inayofuata inadai karibu vidole vyote vitue kwa mpigo. Kimoja kikiacha upenyo, ala inalia kama bata.

Halafu rekoda yako ilikuwa ya Kijerumani au ya Baroki, ile mipangilio miwili ya vidole? Kama F uliipata kwa kuongeza kidole kimoja tu baada ya G, ni ya Kijerumani, na F ya saksafoni ni hivyohivyo. Rahisi, ila F# ya rekoda hizo inasumbua. Mie sizipendi.

Klarineti ya kanisa ikiwa kuukuu, hesabu pete zinazozunguka matundu. Mfumo wa kii wa kawaida, uitwao Boehm, una 6. Zikiwa 2 au 4, yawezekana ni Albert, mfumo mwingine wa zamani, na chati nyingi za mtandaoni hazitakufaa.

Kama haraka yako ni kupiga Jumapili, chukua alto, ila mwambie wa kinanda kwamba C yako kwake ni Eb (E-flati). Ukichukua klarineti, hapo kwenye A shusha vidole vya kulia mapema. Noti haiharibiki, na ukienda B unabaki na mkono mmoja wa kuhangaika nao.